Kijiko cha Paka Chenye Nyumba Yake

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba Safi,

Pokea salamu nyingi kuliko misumari iliyomo katika sanduku langu la kazi.

Kabla sijafika kwenye machungu, ujue kwanza nani anakuandikia. Mimi ni fundi viatu, na ni mtu wa bahati kuliko wote ninaowashonea. Nikitoka bila mwavuli, mvua hungoja nifike ninakokwenda. Shule sikuimaliza, sisemi uongo, lakini viatu vya mahakimu, marubani na mabibi harusi vimepita mapajani mwangu, kwa hiyo dunia nimeizunguka nikiwa nimeketi. Na bahati inayozidi zote ni mama mkwe. Wanaume wengine wakisikia mama mkwe anakuja, hukumbuka safari. Mimi wangu alinipenda siku ya kwanza aliponiona, akamwambia binti yake, "Huyu usimwachie, hata akikimbia mfuate." Sasa anakaa kwetu, na ananiita mwanangu.

Basi, tuingie kwenye shauri lenyewe. Katika ukurasa wako ulifundisha jinsi ya kuchagua kijiko cha paka, yaani kile cha kuzolea uchafu kwenye beseni lake la mchanga. Ulisema mtu aangalie matundu, yawe ya kupitisha mchanga mkavu na kubakiza donge. Aangalie mpini, uwe mrefu asije akavunja kiuno. Na zaidi ya yote aangalie kijiko kitalala wapi: kiwe na kibanda chake chenye mlango, na ndani mwake kifuko cha mkaa wa kumeza harufu. Ukamalizia kwa kusema kwamba amani ya nyumba huanzia kwenye vitu vidogo. Ndugu Mhariri, hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya sindano.

Nikueleze tulikotoka. Mama mkwe alikuja na paka wake, dume la kijivu tunaloliita Mstaafu, kwa sababu tangu lihamie kwetu halijamgusa panya. Choo chake ni beseni la mchanga bafuni, na chombo cha kuzolea kilikuwa upawa mbovu wa jikoni, wenye matundu, tuliouficha kwenye kopo la rangi nyuma ya mlango. Sasa wewe ni mtu mzima, mambo ya ukwe unayajua. Mimi siwezi kusimama mbele ya mama mkwe na kile chombo mkononi. Yeye naye atakufa kwa aibu mkwewe akionekana anamzolea paka wake. Kwa hiyo kila mmoja akawa anamvizia mwenzake atoke, ili afanye kwa siri. Yeye akisikia nakohoa bafuni, anarudi chumbani. Mimi nikisikia ndala zake zinakuja, najifanya natafuta mswaki. Akiondoka, naona labda ameshafanya. Nikiondoka, naye anaona hivyo hivyo. Heshima ikajaa nyumbani, na beseni likajaa.

Harufu ilipofika sebuleni, mama mkwe akaanza kukunja nguo. Akasema hawezi kutuharibia nyumba, atahamia kwa binti yake mkubwa, yeye na Mstaafu wake. Mke wangu akalia. Akanisomea ukurasa wako, akanikokota mpaka dukani. Nilimwambia kijiko kuwa na nyumba yake, wakati sisi wenye miguu tumepanga, ni kufuru. Hakunisikiliza. Muuzaji akatutolea kimoja cha chuma, kizito kama cha kuchanganyia zege. Kingine matundu yake mapana, hata paka mwenyewe angepita. Mke wangu akachukua ulichosema wewe: cheupe, chenye mpini mrefu, kimesimama ndani ya kibanda chake kama mlinzi wa benki. Tukakiweka peupe, karibu na sinki. Harufu ikafa. Mama mkwe akazikunjua nguo zake.

Na hapo ndipo madhara yalipoanza. Naomba uyasome ukiwa umeketi.

1. Kijiko kinalala vizuri kuliko mimi. Chumba chetu chenye mlango tumempa mama mkwe, kama inavyostahili. Mimi na mke wangu tuna pazia. Kijiko kina mlango. Kikimaliza kazi kinapanguswa, kinarudishwa ndani, mlango unafungwa taratibu kisije kikashtuka. Mimi nikirudi kazini sijawahi kupanguswa, na nikifunga pazia linafunguka upande wa pili.

2. Kijiko kimemwachia huru mshtakiwa. Siku zote, kila harufu ya nyumba yetu ilikuwa ya Mstaafu. Mimi huja nyumbani na gunia la viatu vya wateja, nivimalizie baada ya kula. Humo mna viatu vya mchezaji mpira ambavyo havijawahi kuliona jua, na viatu vya mpishi ambavyo nikivieleza hutakula chakula cha mchana. Mna na gundi. Yote hayo paka aliyabeba mabegani mwake bila kukata rufaa. Kibanda kilipoingia, mke wangu akasimama katikati ya sebule, akanusa. Akamwangalia paka. Paka naye akamwangalia, amekaa safi kama mwali. Mke wangu akaifuata pua yake hatua kwa hatua mpaka kwenye gunia langu, akainua uso, akasema, "Kumbe ni wewe!" Mama mkwe akampa Mstaafu kichwa kizima cha samaki, kwa kumwomba radhi. Mimi sikuombwa radhi na mtu. Gunia langu sasa linalala kibarazani, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo kama mbuzi.

3. Lalamiko hili limefutwa. Mke wangu alipita nyuma yangu nikiandika.

4. Wageni wamerudi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, zamani alikuwa akisalimia akiwa mlangoni, ameziba pua kwa leso, eti ana mafua. Mafua yamepona. Sasa anakuja, anavua viatu, anajinyoosha kwenye kochi mpaka kochi linamjua. Dereva wa lori wa ghorofa ya juu alikuja kukiona kijiko kama anayekuja kuona mtoto mchanga, na mkewe akaja na sabuni ya zawadi. Mke wangu anafungua kile kimlango, anawaambia, "Inameni mnuse." Wanainama, Ndugu Mhariri! Watu wazima, wana kazi zao, wameinamisha vichwa kwenye chombo cha kinyesi cha paka, wanainuka wanatupongeza. Nimeiona dunia, lakini hilo sijawahi.

5. Hili ndilo zito, tafadhali usilichukulie mzaha. Kijiko kimeua ukwe.

Tangu kisimame pale peupe, kisafi, hakina cha kuonea aibu, mama mkwe ameacha kujificha. Siku ya kwanza alinikuta nacho mkononi. Nilingoja ardhi ipasuke, haikupasuka. Alisimama kizingitini, akanitazama kama mtu anayemtazama fundi anayemharibia kitambaa, akasema, "Tikisa kwanza, mchanga urudi." Nikatikisa. "Aa, si hivyo! Unapepeta mchele wewe? Polepole, baba." Nikatikisa polepole. Tangu siku hiyo tuna zamu. Mimi, mwanamume mwenye kibanda chake cha kazi na wateja wa maana, nagongewa ukuta asubuhi, "Baba, leo ni wewe, usijifanye umelala, nasikia unavyokoroma kwa uongo!"

Na hata zamu ikiwa yangu, haondoki. Anageuza ndoo, anaikalia, anaanza mazungumzo. Amenisimulia jinsi marehemu baba mkwe alivyoogopa kuku. Yule mzee niliyekuwa nikimwogopa hata kwenye picha, alikuwa akipanda kitandani na viatu kuku akiingia ndani! Nilicheka mpaka nikakimwaga kilichokuwa kwenye kijiko, naye akacheka mpaka akashika mlango. Ameniuliza kwa nini visigino vyangu vimepasuka wakati mimi ni fundi viatu. Nikamjibu kwamba kinyozi hajinyoi. Akasema, "Lakini huoga," akaniletea mafuta yake ya mgando. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: mwanamume akimbilie wapi? Zamani nilikula kimya, mama mkwe akala kimya, kila mtu akamheshimu mwenzake kama ukuta unavyomheshimu ukuta mwenzake. Leo nikichelewa kazini, ananiwekea chai na kuifunika kwa sahani, halafu ananikaripia kwa nini imepoa.

Upime mwenyewe mambo yanaelekea wapi. Kama kila nyumba itanunua kijiko chenye kibanda, hakutakuwa na harufu ya kusingiziwa. Pasipo wa kusingiziwa, kila mtu atabeba yake. Watu wakibeba yao, watazoea kusema kweli. Wakizoea kusema kweli, wakwe watakaa kwenye ndoo wakicheka na wakwe zao. Na wakwe wakipatana, wasuluhishi wa ndoa watakula nini? Mawakili je? Na wale wanaume wanaokaa kwangu hadi jioni kwa kuogopa kurudi nyumbani, wakisingizia soli haijakauka, wakianza kurudi mapema nani atanipa habari za dunia? Nchi nzima itaharibika kwa kifuko cha mkaa.

Kwa hiyo nadai, kwa unyenyekevu, uchapishe masahihisho. Sema ulikosea. Sema kijiko cha paka hulala kwenye kopo la rangi nyuma ya mlango, kama wazee wetu walivyokilaza. Sema mkaa hudhoofisha pua za watu wazima. Mke wangu huusoma ukurasa wako kwa sauti kila unapotoka, na mama mkwe anakuamini wewe kuliko daktari wake. Akisikia umesema, atakubali. Kopo litarudi, harufu itarudi, ataona aibu, atahamia kwa binti yake mkubwa kwa hiari yake. Mimi nitakuwa sijatamka neno, Mstaafu atabeba dhambi zake na zangu, gunia litaingia ndani, na nitapata chumba chenye mlango.

Nisalimie wote hapo ofisini: anayepanga herufi, anayepiga picha za masufuria, mlinzi wa getini ambaye najua viatu vyake vinahitaji soli, na mama mkwe wako kama unaye. Usimwonyeshe barua hii.

Ni mimi, mwenye moyo uliojeruhiwa na pua nzima,

Fundi Viatu wa Chini ya Ngazi

Nyongeza: Usichapishe chochote katika hayo. Nilikuwa nimeshalamba bahasha mke wangu aliponiambia kwamba dada yake mkubwa amepiga simu, Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama. Harufu haimo kabisa katika neno hilo. Anasema naye ni mtoto, naye anataka kukaa na mama yake. Mama mkwe amekubali. Amekiosha kijiko, amekianika, amekifunga na kibanda chake kwenye karatasi. Asubuhi nilikwenda bafuni kufanya zamu yangu nikakuta imeshafanywa, na ndoo imesimama wima mahali pake.

Tafadhali, toleo la kabla ya Jumamosi, andika kwamba paka mzee aliyezoea beseni moja hahamishwi. Andika kwamba kibanda kikipanda gari mkaa hufa. Andika chochote, wewe ndiye mtaalamu, ila kiwe kwa herufi kubwa ili mke wangu akisome vizuri na mama yake asikie. Kama unaweza kuongeza kwamba mkwe anayejua kutikisa polepole ni vigumu kumpata kwingine, ongeza.

Na kuhusu bahati yangu: ni uongo. Mama mkwe hakunipenda siku ya kwanza. Alimwambia binti yake kwamba fundi viatu si mume, ni jirani wa barabarani, na miaka yote baada ya hapo hatukuvuka "shikamoo" na "marahaba" mpaka kile kijiko kilipoingia. Kuniita mwanangu, hajaniita bado. Nilitunga.