Mtu Mmoja Tu, Tuwe Pwani

Ijumaa, 1 Machi
Graciete kaja na gari lake la samaki, kapiga honi kama kila Ijumaa. Nimenunua saradini kilo tatu, na samaki huniwasha mwili mzima. Hatimaye nimemposa! Akasema alimwapia marehemu mama yake kwamba hataolewa nje ya pwani. Sisi tuko milimani, kilometa arobaini na nane kutoka baharini. Norberto kinyozi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kasikia yote, kacheka.

Jumatatu, 4 Machi
Nimefunga duka langu la viatu, nikaenda mjini kumuuliza karani wa takwimu pwani inaishia wapi. Kumbe wanaopima uchumi wa pwani hawatazami mchanga wala mawimbi! Wilaya ambayo zaidi ya nusu ya wakazi wake wako ndani ya kilometa hamsini kutoka baharini huhesabiwa ya pwani, hata isipoona maji. Akapekua orodha. Sisi ni nusu kamili. Tumepungukiwa mtu mmoja. Mmoja! Akili yangu inapotea bure kwenye soli za viatu.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi Gertrudes kawasili kutoka Luxembourg. Masanduku sita na kasuku. Nimemwandikisha kwangu kuwa mkazi, ndiye yule mmoja; kachukua chumba changu. Mimi nalala dukani. Anasema supu yangu ya kabichi haina chumvi, ndiyo maana sina mke. Kasuku keshajifunza kuirudia. Norberto alipita kuuliza Graciete anakaa mtaa gani, eti ana jambo na baba yake. Nikamwelekeza. Hata ramani nikamchorea.

Ijumaa, 22 Machi
Nimesimama barabarani na tai shingoni, karatasi ya karani mkononi: sisi ni pwani! Gari likafika. Norberto kaketi mbele, kavaa aproni ya samaki. Harusi Mei.

Nikamwonyesha Graciete karatasi. Akaisoma yote, polepole.

“Belmiro, mimi nilikuwa nangoja uje wewe,” akasema. “Nani alikutuma uilete pwani?”

Norberto akaniomba radhi. Juzi kahamia kwa akina Graciete, wilaya nyingine, kajiandikisha huko. Nikapiga hesabu palepale. Nusu kamili tena. Kaondoka na mchumba na pwani kwa safari moja. Imeniuma sana. Nimelia, nikamwambia shangazi ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumatano, 27 Machi
Zulmira muuza jibini kamwambia shangazi kwamba ananionea huruma, na kwamba yeye anapenda mwanamume wa milimani. Ningeweza kumjibu kwamba nimezaliwa mlimani na sijawahi kuhama. Lakini mambo haya yanataka uhakika. Nimekwenda kwa karani. Kaficha uso kwa mikono, kisha kapekua: wilaya ya milima nayo hutaka zaidi ya nusu ya wakazi wawe milimani. Tumepungukiwa mtu mmoja.

Shangazi ana mdogo wake Paris. Nimeshamwandikia.