Ree Mbili na Sufuria ya Wazima Moto

Jumatatu, 4 Agosti

Tumebaki wawili. Mimi na Royce Tackett, daktari wa meno mstaafu, mtu ambaye tangu nimfahamu hajasoma kitabu kisicho na picha za magari. Wengine wote wa kikosi cha kujitolea cha wazima moto wa mji wa Tolliver wametolewa mezani. Sasa ni poka ya uso kwa uso, alasiri tatu, ukumbini, Lurline Bohannon akigawa karata. Dau ni maharage makavu. Hapa Texas Magharibi maharage hayana kazi nyingine ya heshima. Ukiyatia kwenye nyama ya pilipili unaweza kukosa wa kukuzika.

Mshindi hukabidhiwa sufuria kubwa ya chuma siku ya tamasha, na ndiye anayeamua mji mzima utakula nini. Kwa miaka ishirini na miwili umekula nyama ya pilipili ya Royce. Mimi nataka mara moja tu, kabla mkono haujaanza kutetemeka, niwapikie gumbo, mchuzi wetu mzito wa kamba na bamia, wa pwani ya Louisiana. Kijiji nilichozaliwa sasa kiko chini ya maji. Ladha yake imebaki kichwani mwangu, na kichwa chenyewe kina miaka sabini na sita.

Mgao wa kwanza tu, ree mbili. Hakuna karata mbili zinazozishinda. Nikasukuma nusu ya maharage yangu kwa mpigo. Royce akalitazama rundo, akanitazama mimi, akatupa karata zake. Nikavuna maharage mawili, yale aliyolazimika kuweka kabla ya kugawiwa. Akaniuliza, Profesa, kishindo chote hicho ulikuwa unafukuza kunguru? Sikuwahi kuwa profesa. Nilikuwa mkutubi, na anajua.

Jumanne, 5 Agosti

Niliamka na jibu. Gumbo huanza na unga unaokaangwa kwenye mafuta, polepole, mpaka uwe na rangi ya kahawa. Ukikuza moto, umeunguza. Karata nzuri ni vivyo hivyo. Ajabu kwamba vitabu vyote vya poka nilivyosoma havikuandikwa na mtu wa kwetu.

Mungu akaniletea wafalme wawili. Karata tatu za kwanza, kati ya tano za mezani ambazo ni za wote wawili, zikafunuliwa: mfalme wa tatu huyo hapo. Nikapita bila kuweka kitu. Nikasonya hata, kama mtu aliyevunjika moyo. Karata ya nne, nikapita tena. Royce naye akapita, anakuna sikio. Ya tano ilipofunuliwa nikamwachia yeye aanze. Akaweka maharage mengi. Nikamwongezea, akaniongezea, nikamfuata nikicheka moyoni. Akafunua kopa mbili za ovyo, saba na sita. Mezani palikuwa na kopa tatu. Kopa tano zinawala wafalme watatu.

Kopa mbili kati ya hizo zilikuja bure, nilipokuwa nikikaanga unga wangu. Alikiri mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kama ningeweka hata maharage kumi mwanzoni angezitupa zile takataka. Lurline akasema, mpenzi wangu, mgeni umemwalika mwenyewe, ukamvutia na kiti. Sikuomba tafsiri.

Nimebaki na theluthi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo hatuchezi. Royce amekwenda kutazama gari la mtu. Sio kulinunua. Kulitazama.

Nimefikiri kisomi. Jumatatu nilizidisha, Jumanne nikapunguza. Basi kweli iko katikati, kama waliotutangulia walivyosema kwa lugha ambazo Royce anadhani ni majina ya dawa. Kuanzia kesho nitaweka dau la wastani kila mara, uso ule ule, mkono ule ule. Nimejizoeza mbele ya kioo. Uso wangu wa kawaida una huzuni ya kutosha.

Nimeagiza kamba. Sanduku zima, kutoka pwani, kwenye barafu. Muuzaji ana lafudhi ya nyumbani. Nilimuuliza maswali matatu zaidi ya yaliyohitajika ili tu aendelee kusema.

Alhamisi, 7 Agosti

Wastani unafanya kazi. Kufikia saa tisa nilikuwa nimerudisha karibu nusu ya maharage yote. Royce akaacha mzaha, dalili njema.

Kisha nikapata malkia wawili, na mezani malkia mmoja na nane mbili. Nyumba kamili, wanavyoziita tatu na mbili zikikutana, na karibu hakuna kinachoishinda: malkia watatu juu ya nane mbili. Nikaweka wastani, akanifuata. Karata ya nne, wastani, akanifuata tena. Ya tano ikawa tatu ya pau, si kitu kwa yeyote. Hapo nikaanza kuwaza. Wastani utamkimbiza? Nikaweka maharage kumi na mawili tu, ya kumbembeleza. Akayalipa, akafunua nane yake. Pamoja na mbili za mezani alikuwa na nane tatu. Akapumua kwa nguvu, akasema, mzee, ungemwaga yote ningekufuata mpaka Louisiana, na viatu ningeacha hapa.

Kwa hiyo angebaki na maharage ya kuhesabu kwa vidole, na sufuria ingekuwa kama yangu.

Mgao uliofuata nilipata ree na mfalme. Mezani ree, tisa, nne. Nikaona nisirudie kosa. Nikamwaga yote. Royce akawaza muda mrefu kuliko alivyowahi kuwaza jambo lolote, akalipa, akaonyesha ree na nne. Jozi mbili dhidi ya jozi yangu moja. Karata mbili za mwisho hazikunisaidia. Lurline alinieleza kwa upole kwamba dau kubwa namna ile halilipwi ila na aliyekuzidi. Mwanamke mwema, lakini ni mgawaji tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tamasha. Desturi ni kwamba aliyeshindwa ndiye anayekoroga. Nimekoroga nyama ya pilipili ya Royce kutwa nzima, jua likinipika pamoja nayo. Sanduku la kamba liko kwenye friza ya ukumbi, juu yake wameweka barafu ya soda.

Watu walirudi kuchukua bakuli la pili. Watu hawa hawana ulimi.

Jumapili, 10 Agosti

Tulikwenda kusafisha ukumbi. Royce akaniita kando. Akasema, Alcide, mabega yangu yamechoka. Chukua sufuria mwakani, bila karata, pika huo mchuzi wenu. Alisema taratibu, akitazama chini.

Nikamshtukia hapo hapo. Mtu haongei kwa unyenyekevu namna hiyo ila akiwa na kitu kikubwa mkononi. Ningerukia, ningeonyesha njaa yangu. Nikapita. Nikamwambia sina haraka na sufuria, nitafikiria, labda mwakani nitakuwa na shughuli. Hata nikasonya kidogo.

Akasema haya basi, Profesa, kama hutaki. Akavuka ukumbi kwenda kwa Lurline, wakanong'ona, akamkabidhi mwiko mrefu wa ile sufuria kubwa. Nadhani ni wa kuosha. Lurline alimkumbatia shingoni kwa furaha iliyopita kiasi, lakini ndivyo walivyo watu wa hapa.

Kesho atarudi na ahadi nono zaidi. Safari hii nimemcheza sawasawa.