Nilivyoing'arisha Fimbo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mdomo wangu utaniponza. Jana tulikuwa mezani kwa baba mkwe. Shemeji, kaka wa mke wangu, yule tunayemwita Injinia kwa sababu hupima hata mkate kabla ya kuukata, alisema fimbo ya kuvulia ya mzee sasa ni kuni tu. Mwanzi umechoka, vanishi imebanduka, nyuzi zimefumuka. Akasema ataleta mpya, nyeusi, nyepesi, ya kiwandani. Mzee akawa anachezea kijiko. Ndipo mimi nikajitia kimbelembele. Nikasema fimbo za mwanzi za zamani ndiyo fani yangu.

Fani yangu! Mimi karani wa masjala. Nimesoma nusu ya kitabu kimoja cha maktaba, tena ile nusu yenye picha.

Lakini mzee aligeuka akanitazama. Miaka minane tangu nimwoe binti yake, hajawahi kunitazama vile. Huwa ananiita "huyo bwana". Kila Jumamosi alikuwa akienda mtoni na wenzake kuvua kwa nzi wa bandia, wale wa manyoya, na hakuwahi kunialika hata nikabebe ndoo. Jana aliinuka, akaleta mfuko wa kitambaa, akaniwekea mapajani. Akasema Jumamosi anarudi mtoni, mara ya kwanza tangu apasuliwe goti. Fimbo ikiwa tayari, huyo bwana naye aje.

Naitaka safari hiyo. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia asinicheke. Naitaka kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo, na cheo nilikililia.

Jumanne, 4 Juni

Nimeitambua! Kitabu kinasema kulikuwa na fundi mmoja mkuu wa zamani ambaye fimbo zake zinatafutwa dunia nzima. Alama zake ni tatu. Vifundo vya mwanzi vimepishana, havikukaa mstari mmoja. Viungo vya shaba vina mkanda. Nyuzi zinazofunga pete za kupitishia mshipi ni hariri ya kijani.

Vifundo: vimepishana, hasa nikivua miwani. Mkanda wa shaba: upo, au ni kutu, lakini umezunguka vizuri. Nyuzi: nyekundu.

Hapo nilikwama. Nikanywa chai, nikatafakari, nikapata jibu. Mtu fulani asiyejua kitu alibadilisha nyuzi! Kwa hiyo wekundu wenyewe ni ushahidi. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimekwisha kuzifumua zote.

Mke wangu akauliza kama nimemwomba baba yake ruhusa. Nikamjibu kwamba daktari haombi ruhusa kwa kidonda. Akasema yeye aliolewa na karani. Nikampigia simu Injinia kumpa habari za fundi mkuu. Akauliza alama ngapi zimelingana. Nikamwambia tatu, kasoro moja, na nyingine nusu. Akasema basi ile nyeusi atainunua hivyo hivyo. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya.

Fimbo ina ncha mbili za kuchomeka, moja ya kutumia na moja ya akiba. Ya akiba ilikuwa imepinda. Kitabu kina picha ya mtu ananyoosha mwanzi juu ya moto, anatabasamu. Nyumbani gesi ilikuwa imekwisha, nikaenda nayo ofisini. Saa ya chai nikaishika juu ya mvuke wa birika, nikaikunja taratibu kinyume cha mpindo. Ikanyooka! Nikawaita wenzangu. Wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nikaona niiache kwenye mvuke kidogo zaidi, wapate kuona vizuri.

Sikujua kwamba fimbo hizi si mwanzi mmoja. Ni vipande sita vyembamba vilivyochongwa kwa pembe na kugandishwa. Gundi yenyewe ya zamani, ya kuchemsha kwato. Ilianza kunuka mchuzi, kisha ncha ikafunguka mkononi mwangu kama ndizi iliyomenywa.

Nikaokota vipande vitano. Cha sita hakikuonekana. Tukatafuta chini ya meza, nyuma ya makabati, ndani ya kapu la taka. Mwisho mama wa chai akasema kama ni kile kijiti kirefu, amekorogea chai ya mkurugenzi. Nikasimama nje ya mlango mpaka mkubwa akamaliza kunywa. Nikaingia, nikaomba kijiti. Akauliza ni cha nini. Nikasema ni dawa. Akauliza ya ugonjwa gani. Nikasema ni ugonjwa wa upande wa mke wangu. Akanipa, akaniambia niwape pole.

Nimevigandisha tena na kuvifunga kwa kamba. Sasa ncha imejisokota mithili ya mkia wa nguruwe. Nimeirudisha mfukoni mwake, chini kabisa. Ni ya akiba, nani ataiangalia?

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Nimezifunga pete zote kwa hariri ya kijani. Hariri nimeipata kwenye kikapu cha mke wangu cha kudarizi. Alikuwa anadarizi kitambaa cha meza. Kina maua mengi mazuri, na sasa hayatakuwa na majani. Amesema sikio la kufa halisikii dawa. Sikumjibu, nilikuwa nimeshika uzi kwa meno.

Vanishi mikono mitatu. Inang'aa mpaka unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu.

Lakini kazi ninayojivunia ni ya mshiko. Umetengenezwa kwa lile gome laini la vizibo vya chupa. Mahali pa kuweka kidole gumba palikuwa na vishimo viwili vibaya, vimekaa jirani, vyeusi kwa jasho. Panya, bila shaka. Nikakwaruza vizibo kwa kikwaruzio cha karoti, nikachanganya unga wake na gundi, nikaziba, nikapiga msasa. Ukipapasa, hakuna kitu. Laini kama shavu la binti yetu mchanga! Nilikwaruza vizibo kupita kiasi, nina kopo zima la unga. Nimelitunza.

Nikisubiri vanishi ikauke, nikaanza ile nusu ya pili ya kitabu. Ukurasa wa kwanza kabisa: kamwe usitumie mvuke. Nikakifunga. Sipendi kitabu kinachomkemea msomaji.

Jumamosi, 8 Juni

Tulifika kwa mzee asubuhi. Nimevaa buti mpya, nimebeba chakula cha safari cha watu wawili. Injinia alikuwepo na nyeusi yake. Nilipoitoa fimbo kwenye mfuko, jua likaipiga, na nilimwona Injinia akimeza mate. Ningekufa wakati ule, ningekufa mshindi.

Mzee akaishika. Kidole gumba kikapanda juu ya mshiko, kikashuka, kikapanda tena, kinatafuta. Akauliza viko wapi. Nikauliza nini. Akasema meno.

Mke wangu akaziba mdomo kwa mkono.

Nimeelezwa baadaye. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali, na mzee hakuwa na wa kumwachia mtoto, ambaye ndiye mke wangu. Akamfunga mgongoni, akaenda naye mtoni. Mtoto ndiyo kwanza anaota meno, analia mpaka samaki wanakimbia. Akampa mshiko wa fimbo. Akaung'ata, akanyamaza, akalala. Tangu siku hiyo mzee hajawahi kurusha mshipi bila kuweka kidole kwenye vile vishimo viwili. Na mama mkwe hakurudi kutoka hospitali.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema fimbo imependeza sana, kwa sauti ya mtu anayesifu mtoto wa jirani. Akailaza mezani, akachukua ile nyeusi, akaondoka na Injinia.

Nikabaki na buti zangu. Nimeona aibu. Si ile ya birika, ambayo mtu huicheka kesho yake. Hii imenikaa kifuani na haitaki kushuka. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema hakuniona nikiuziba mshiko, na isitoshe daktari hakumuuliza kidonda. Tulikula chakula cha safari jikoni.

Jumapili, 9 Juni

Nina mpango.

Nimelichokonoa lile zibo kwa pini ya nywele. Gundi ilikuwa ngumu kuliko gome, ikang'oka na gome lake. Badala ya vishimo viwili, shimo moja la kutosha yai la njiwa. Nikaziba upya. Nikamwomba mke wangu aning'atie. Akakataa. Akasema wakati ule alikuwa na meno mawili na sasa ana kinywa kizima, na kama baba yake ni mzee, si kipofu.

Nikang'ata mwenyewe. Imetokea alama ya punda. Midomo ikashikana kwa gundi, nikakaa kimya mpaka saa ya chakula. Mke wangu anasema ilikuwa asubuhi nzuri.

Nikaziba mara ya tatu. Gundi ya dukani ilikuwa imekwishia mdomoni mwangu, nikakoroga uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi. Nikaiweka fimbo kwenye kigoda ipoe, nikageuka kutafuta msasa. Nikasikia kimya. Mwenye mtoto anayetambaa anajua kimya cha namna hiyo.

Binti yetu ana miezi kumi na meno mawili. Alikuwa ameukumbatia mshiko kwa mikono yote, ameung'ata, mate yanamtiririka, macho ameyafumba kwa raha. Nikapiga ukelele kwamba kazi yangu imeharibika. Mke wangu akaja mbio, akatazama, akakaa sakafuni. Alicheka, kisha akalia, kisha akaninyang'anya msasa.

Jumamosi, 15 Juni

Jumatano tulimpelekea fimbo. Kidole cha mzee kilipanda, kikashuka, kikatumbukia. Akauliza ni meno ya nani. Mke wangu akamwonyesha mtoto. Mzee akampakata mjukuu wake, akakaa naye muda mrefu. Injinia akatoa futi yake, akapima, akatangaza kwamba nafasi ya kati haifanani na ya zamani. Hakuna aliyegeuka.

Leo nimekwenda mtoni! Aliyealikwa ni mjukuu, mimi nilibeba mkoba wa nepi. Hariri ya kijani ilifumuka mrusho wa kwanza, pete tatu zikaenda na maji. Mzee akatoa ncha ya akiba. Akaitazama ilivyojisokota. Akanitazama mimi. Akairudisha mfukoni, akafunga pete zilizobaki kwa uzi mwekundu aliokuwa nao. Hatukupata hata dagaa. Lakini wakati wa kurudi aliniambia, baba mtoto, nishikie fimbo. Baba mtoto! Si huyo bwana! Nilitembea njia nzima sikanyagi chini.

Tumekunywa chai kwake. Nikapata nafasi ya kukitazama vizuri kile kiti chake cha mbao cha dirishani. Mkono wa kulia una bonde refu pale anapoweka kiwiko, limelika mpaka linang'aa. Baya sana. Miaka yote hii mzee wa watu anavumilia kiti kibovu, na hakuna mtoto wake aliyemjali.

Kesho anakwenda kanisani. Ufunguo najua unakaa wapi. Nina msasa mpya, na kopo la unga wa vizibo bado limejaa. Sitamwambia mtu, nataka ashangae.