Bwana Shamu na Masharubu ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Bosi anafungua saluni ya pili, karibu na stendi, na anatafuta msimamizi. Tunaogombea ni wawili: mimi, na yule kinyozi wa kiti cha pili, ninayemwita Pafyumu kwa kuwa harufu yake huingia kazini kabla yake. Bosi kasema atatazama nani anapendwa zaidi na wateja. Basi imekwisha hiyo! Pafyumu ana vidole tu. Akimaliza kunyoa, anamkanda mtu kichwa mpaka anasinzia. Mimi nina elimu. Kuanzia kesho, kila atakayekalia kiti changu atapewa bure asili ya neno moja la Kiingereza. Mke wangu kauliza hizo asili nimezisoma wapi. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza na okei. Nimemweleza fundi viatu kwamba mfalme mmoja wa Uingereza alikuwa na mpishi aitwaye Okei, hajawahi kukataa kazi, ndiyo maana watu humtaja kila wakikubali jambo. Hata mimi sikuijua habari hiyo mpaka iliponitoka mdomoni. Mkasi ukiwa mkononi, asili huja zenyewe! Fundi viatu kacheka mpaka machozi. Mchana karudi na shemeji yake, na shemeji kaja na jirani. Kizuri chajiuza! Foleni yangu ilifika mlangoni. Pafyumu alikuwa na mteja mmoja, tena kalala.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja bwana harusi na wapambe wake. Nimemnyoa, nimempaka spiriti, kisha nikasimama wima na kumwambia kwa sauti ya redio: Mai dipu kondolensi! Niliwahi kuwasikia wakubwa wakiambiana hivyo, wamevaa suti nyeusi, wameshikana mikono kwa muda mrefu. Neno zito. Hongera waachie watoto wa shule. Bwana harusi kaitikia ahsante sana. Mpambe mmoja kaguna, kaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba maana yake ni pongezi za kutoka moyoni, na asili yake ni kwenye kumbi za dansi. Karudi kukaa kwenye benchi. Elimu ina nguvu jamani.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaniita pembeni. Kasema sifa zangu zimemfikia, na kesho atamleta baba yake mzazi, mwalimu mstaafu, nimnyoe ndevu. Mzee akitoka ameridhika, funguo za saluni mpya ni zangu. Ila masharubu yasiguswe! Mzee anayo tangu alipomposa mama yao. Nimemwambia bosi aondoe shaka. Sikuuliza mzee alikuwa anafundisha somo gani. Hesabu, bila shaka. Jioni nimemwagiza mke wangu aanze kuniita Meneja. Kanijibu kwamba Meneja akateke maji.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee kafika mapema, kanyooka, masharubu yamechanwa. Nikampaka povu mpaka puani. Kwa heshima yake nikachagua neno la fani yetu: shampuu. Nikasimulia kwamba paliondokea lodi, mkubwa wa Kiingereza, aitwaye Bwana Shamu na mkewe Bibi Puu, hawajaosha nywele tangu kuoana, mpaka siku beseni la sabuni lilipowaangukia toka darini.

Mzee akatoa macho. Nikajua somo limemkolea. Akataka kusema, nikamkumbusha kwa upole kwamba wembe uko kooni, na wembe ukiwa kooni mteja hasemi. Ndiyo sheria ya kiti. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Nikamwongezea mpishi Okei. Nikamwongezea na kondolensi, nikamsimulia bwana harusi alivyofurahi. Macho yakazidi kumtoka. Mwanafunzi msikivu hivyo sijapata kumwona!

Nikafika pale Bibi Puu anapomsuuza mumewe, nikaonyesha kwa mkono. Mama yangu! Mkono ulikuwa na wembe, na mzee naye alikuwa anatikisa kichwa. Sharubu la kushoto likaanguka kwenye shuka. Nikafikiri haraka, nikaondoa na la kulia. Uso unataka usawa.

Nilipomfuta povu alijitazama kwenye kioo, akajishika juu ya mdomo. Kisha akasema. Amefundisha Kiingereza maisha yake yote! Kasema okei lilizuka Marekani, kwa utani wa waandishi wa magazeti. Kondolensi ni rambirambi, na yule bwana harusi nimempa pole ya msiba. Shampuu limetoka Kihindi, na maana yake ya kwanza ni kukanda. Watu wote wakageuka kumtazama Pafyumu, ambaye mikono yake ilikuwa kichwani mwa mtu, anakanda. Hapo bosi akaingia. Akapiga yowe. Kumbe tangu azaliwe hajawahi kuuona mdomo wa juu wa baba yake.

Mzee akahamia kiti cha pili. Akakandwa. Akalala. Alipoamka, Pafyumu akapewa funguo mbele yangu. Imeniuma, sifichi. Ile saluni niliitaka kwa moyo wote. Nilikwishachagua hata ukuta wa kutundika picha yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Pafyumu kahama asubuhi. Kanipa mkono, kaniomba tusiwekeane kinyongo. Nimemwambia mai dipu kondolensi, nikatoka kumwaga maji machafu.

Bosi kanibakiza kwa sharti: nisitaje asili ya neno lolote mpaka masharubu ya baba yake yarudi kama yalivyokuwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi bado kijana, wajukuu sina. Nimekaa nikapima, na kosa nimeliona: nilimfuta povu mapema mno. Mwanafunzi hafutwi mdomo somo halijaisha!

Mchana kaja fundi viatu, kataka ndevu. Nikachungulia nje, bosi hayupo. Nikampaka povu mpaka karibu na macho, nikaweka wembe kooni, nikampa asili ya shampuu, safari hii iliyofanyiwa utafiti: Bwana Shamu na Bibi Puu walikuwa Wahindi. Hakubisha hata kidogo.