Hedifoni Mbili, Pua Moja

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa. Baada ya mazoezi Mama Agnela, mwenyekiti wa kwaya yetu ya usharika, katangaza kwamba mwezi ujao tunarekodi albamu, studio ya Kaloleni. Na kwamba dada mmoja aliyewahi kuimba nasi, sasa anaishi Norwe, anatununulia hedifoni. Ya kitaalamu! Na kwamba lazima apatikane msimamizi wa sauti, wa kukaa na fundi wa studio na kumwambia hapa alto wamezama, hapa teno wanapiga kelele. Na kwamba, hapa ndipo moyo uliponiruka, hedifoni itatunzwa nyumbani kwa msimamizi.

Nyumbani kwake! Yaani Kijenge. Yaani kwangu.

Nani mwingine? Mimi ni fundi maabara wa sekondari, nimezoea vipimo. Besi nimeimba miaka kumi na sita. Shule zimefungwa, nafasi ninayo.

Tatizo ni moja tu. Godwin. Anaimba teno, anatengeneza simu, na mtu akiongea yeye hutikisa kichwa polepole kama daktari anayesikiliza mgonjwa. Alinyoosha mkono akasema ameshapita dukani kwa Zamda, yule anayeuza vyombo vya muziki mjini. Ziko mbili zinazofaa. Kampuni moja, umbo moja, bei ileile. Moja nyeusi, nyingine ya kijivu. Yeye angeshauri ya kijivu.

Nikasimama. Nikasema nyeusi.

Sijaziona bado. Lakini nilisema kwa sauti nzito na watu wakageuka.

Jumanne, 10 Juni

Kwa Zamda tangu saa tatu asubuhi. Nimesikiliza nyeusi mara kumi na moja. Ya kijivu mara kumi na moja. Wimbo uleule. Nilichukua daftari la maabara kabisa. Nyeusi: sauti ya joto. Ya kijivu: joto pia. Nyeusi: besi imetulia. Ya kijivu: imetulia vilevile. Hadi saa sita daftari lilikuwa na kurasa nne na sina ninachojua.

Zamda ni mvumilivu. Aliniletea chai ya tangawizi. Baadaye akaniambia kwa upole kwamba kiti nilichokalia kinauzwa.

Mara Godwin huyo. Akavaa ya kijivu, akafumba macho, akasema anamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla hajaanza kuimba.

Nikavaa nyeusi. Nikasema mimi namsikia akimeza mate.

Godwin akatikisa kichwa polepole. Namchukia mtu huyu.

Jumatano, 11 Juni

Mkakati! Kamati ina watu watatu: Mama Agnela, Evaresta wa sauti ya kwanza, na Mzee Abdiel, aliyeianzisha kwaya hii. Nikimpata Mzee, nimeipata kamati. Nikamwachia Zamda kitambulisho changu, nikaazima nyeusi kwa siku moja, nikapanda pikipiki yangu hadi Kikatiti. Manyunyu njia nzima. Mlima Meru ulikuwa umejifunika, hauonekani hata kiatu chake.

Nikamwamkia Mzee, shikamoo, marahaba, nikamvisha. Nikabonyeza kitufe cha kuzuia kelele za nje ili aone ufundi. Mkewe anafuga bata mzinga, kama thelathini hivi, na wote walikuwa wakisema kwa pamoja. Uso wa Mzee ukalainika. Akaegemea kiti. Akatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema kutoka mbali.

Nilikuwa sijawasha muziki.

Nikawasha. Akanipiga mkono. Nikazima. Akalala.

Saa saba nikamwomba. Akasema bado kidogo. Saa nane na nusu mkewe alimwita mara nne kuhusu maji, hakujibu, naye mama akanitazama mimi. Saa kumi nikaivua taratibu kichwani kwake, bata mzinga wakaingia wote masikioni mwake kwa mkupuo, akafumbua macho akaniuliza nimekosa nini nyumbani hadi nimekuja kumtesa.

Sina hakika kama hii ni kura.

Nimelowa hadi soksi.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Mama Agnela amepiga simu. Zamda amemwambia kwamba watu wazima wawili wamehamia dukani kwake. Kwa hiyo Jumamosi kutakuwa na jaribio. Macho yamefungwa kitambaa. Raundi tatu kila mmoja. Zamda anamvisha mtu hedifoni, mtu anasema ni nyeusi au ya kijivu.

Nikamwambia Mama kwamba sauti si kitu cha kubahatisha. Akasema, “Kama hamwezi kuzitofautisha, baba, mnagombania nini?”

Nikakata simu. Hapohapo nikapata wazo.

Karafuu! Macho yanafungwa, masikio hayanisaidii, lakini pua iko huru. Nikaenda sokoni, nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu, yale yanayopakwa jino bovu, nikarudi kwa Zamda eti kurudia kipimo kimoja. Alipogeuka kumhudumia mteja nikapaka tone moja chini ya mto wa sikio la nyeusi. Moja tu. Basi, mawili.

Zamda akanusa hewani. Akauliza nani anaumwa jino. Nikasema hakuna. Akaniangalia.

Nyumbani nilimkuta Irine, mke wangu, akinusa shati langu. Akauliza, naumwa jino? Nikamweleza ukweli wote, maana mke ni wa kuelezwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza nitaitumia kusikiliza nini, hiyo hedifoni, ikishakuja. Nikamwambia muziki. Akasema yeye anajaribu kuniambia mambo miaka kumi na miwili sasa bila kifaa chochote.

Sikuelewa anamaanisha nini. Nikalala nikiwa na furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa shida. Manyunyu ya Kikatiti yamefika kifuani. Pua imeziba. Tundu zote mbili! Kama imepigwa lipu.

Nimenusa kitunguu. Hakuna. Nimenusa kichupa chenyewe cha karafuu, nikakiingiza puani hadi machozi yakanitoka. Hakuna. Irine akanichemshia majani ya mkaratusi, nikajifunika blanketi juu ya sufuria, nikatoka mwekundu na pua imefungwa kama ofisi siku ya sikukuu.

Irine amecheka hadi akakaa chini. Baadaye akanikandakanda mgongo, akaniambia nimpigie Godwin, niseme jamani sote hatusikii tofauti, tuchague yoyote. Nikamwambia hajui ushindani.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote, hata kama yananiuma.

Ukumbi wa usharika, saa nne. Kwaya nzima imekuja, hata wasiokuja mazoezini. Zamda alizileta mwenyewe, anasema hawezi kuniamini nazo tena baada ya zile saa za Kikatiti. Mzee Abdiel alikaa mbele akatamka kabla hatujaanza kwamba yeye anataka ile ya kutosikia.

Nikaanza mimi. Kitenge cha Evaresta usoni. Zamda akanivisha. Nikavuta hewa kwa nguvu zote. Ikatoka sauti kama bomba la mvua. Harufu? Hakuna kitu. Basi nikategemea ufasaha. Nikasema hii ina joto, ina upana, besi imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Hii ndiyo nyeusi, hata mtoto angejua.

Ilikuwa ya kijivu.

Raundi ya pili nikasema hii ni nyembamba, ina ubaridi, mtu haimbi hapa, anasoma tangazo. Ya kijivu bila shaka. Ilikuwa nyeusi. Ya tatu nikageuza mantiki yangu juu chini ili kuwa salama. Nikakosa.

Sufuri kwa tatu. Nimefundishwa takwimu. Hata mbuzi angepata moja.

Akaja Godwin. Nyeusi, akasema. Sawa. Ya kijivu. Sawa. Nyeusi. Sawa! Tatu kwa tatu, kila moja chini ya pumzi mbili. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nikawaza: kumbe jamaa ana masikio kweli. Nikamheshimu kwa muda, kama sekunde tano.

Kisha akafungua kitambaa akanyoosha mkono. Akasema angependa kuwa mkweli mbele ya kanisa. Masikio yake hayakumsaidia chochote. Ila nyeusi inanuka karafuu, aliinusa tangu Zamda alipozileta.



Mama Agnela akaichukua, akainusa, akampa Evaresta, naye akainusa. Ikapita safu zote kama sahani ya sadaka. Zamda akasema taratibu kwamba Alhamisi aliuliza nani anaumwa jino, akaambiwa hakuna.

Wote wakanitazama. Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Nilikuwa naweza kusema, samahanini, nilitaka kudanganya. Maneno matatu. Nililiona hata neno la kwanza.

“Ni mimi,” nikasema. “Lilianza ghafla. Gego.”

Evaresta akasema maskini. Mama Agnela akanitazama kwa muda mrefu, na naapa aliona kila kitu hadi kwenye kichupa mfukoni. Akasema kwa sauti tamu sana, “Pole, baba. Jino si la kuchezea. Mika! Leta gari, mpeleke mwenzako sasa hivi. Na usimwache hadi umsikie daktari kwa masikio yako.”

Mika ndiye dereva wa kwaya. Mtiifu kupita kiasi. Aliingia na mimi hadi ndani.

Daktari wa meno ni binti mdogo mwenye taa kipajini. Akagonga meno yote thelathini na mawili. Akauliza lipi. Nikaonyesha moja. Akagonga tena. Akasema ana miaka sita kazini na hajaona kinywa kizima namna hii. Akaomba ruhusa amwite mwenzake aje atazame.

Mika akatoka nje kuegemea ukuta. Nilimsikia akicheka kupitia dirisha lililofungwa, na pua imeziba, na masikio yameziba. Amesema hatamwambia mtu. Hadi saa tisa nilikuwa nimepata jumbe za pole ishirini na moja. Kumi na tisa zina vichwa vya kucheka.

Jumapili, 15 Juni

Ibadani nilikaa nyuma ya nguzo.

Godwin ametangazwa msimamizi wa sauti. Lakini sikiliza! Zamda amesema hedifoni yenye harufu ya karafuu hawezi kumuuzia mteja mwingine, kwa hiyo kwaya imechukua nyeusi. Nyeusi! Chaguo langu. Mtu akiangalia kwa makini ataona kwamba nimeshinda.

Baada ya ibada Godwin akanifuata nguzoni. Nikajiandaa. Akasema hakulala vizuri, anajiona kama ameniaibisha. Akasema hata yeye hasikii tofauti, ile pumzi ya mwimbaji aliisema tu kwa sababu nilikuwa nimekaa pale na daftari na akaogopa. Akapendekeza tusimamie wawili studio, na hedifoni ikae kwake nusu ya wiki, kwangu nusu.

Irine akanibonyeza mgongoni. Nikasema asante. Godwin ana mkono wa joto, sikuwahi kujua. Tulicheka kidogo. Kwa kweli ilikuwa dakika nzuri.

Halafu Mama Agnela akatangaza kwamba albamu itakuwa na video, itapigwa chini ya Mlima Meru, na kwamba watu wanane tu ndio watasimama mstari wa mbele, warefu wakae nyuma.

Mimi ni mrefu.

Nimeshamwambia Mama kwamba daktari amenikataza kusimama nyuma ya watu. Gego linahitaji hewa. Ameniomba cheti.

Kesho asubuhi naanza na Mika. Ana mwandiko mbaya sana, unaweza kudhani ni wa daktari.