Ombi Langu kwa Mtakatifu Klara

Ewe uliyefungua daftari hili, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Delfin. Hasa mama yangu.

Jumatatu, 2 Septemba
Siku sita kabla ya mtihani wa uwakili. Mara yangu ya tatu! Bosi, Wakili Palmares, amesema kwa upole (upole wake ndio unaoniua) kwamba nikianguka tena, meza yangu atapewa mpwa wake. Karani mwenzangu Delfin anaufanya kwa mara ya kwanza. Anasoma huku anapiga mluzi. Mluzi!

Jumanne, 3 Septemba
Watahiniwa wote hapa Iloilo huwapelekea masista wa Mtakatifu Klara mayai na kikaratasi: naomba nifaulu, basi. Wavivu. Mimi nimeandaa ombi rasmi. Kurasa nne, aya zenye namba, kiapo mwishoni. Ombi la kwanza: nifaulu. La pili: Delfin aanguke. Kidogo tu, asiumie.

Jumatano, 4 Septemba
Nimekwisha. Ofisini kwetu hakuna ombi linalowasilishwa kabla mpinzani hajapata nakala. Miaka minne ya mazoea! Mkono uliandika wenyewe: "Nakala: Delfin Magbanua, mjibu maombi." Nikaiweka kwenye trei ya barua. Tarishi akaipeleka, hatua tatu kutoka mezani kwangu. Delfin akasaini kuipokea. Nimejificha kwenye chumba cha majalada mpaka saa saba usiku.

Alhamisi, 5 Septemba
Delfin amewasilisha majibu. Kwa maandishi! Ombi la kwanza halipingi, maana "mwombaji anahitaji msaada wa mbinguni na wa duniani pia." La pili analipinga vikali: mama yake naye kapeleka mayai, tena trei nzima. Kisha akanishika sikio. "We Toto, ombi la mayai umeliandika safi hivi, mbona kwenye mtihani unaandika kama unakimbizwa na mbwa?" Hakukasirika! Nilipumua hadi miwani ikaingia ukungu. Tumejibu maswali kumi na manne ya miaka ya nyuma juu ya bakuli za batchoy, supu yetu ya tambi. Kila nilipokwama aliniambia niandike kama ninamshtaki yeye.

Jumapili, 15 Septemba
Mtihani wa juma zima umekwisha. Nimemshtaki Delfin kwa wizi, mirathi, kodi na kuvunja mkataba. Sikubakiza swali hata moja.

Jumanne, 10 Desemba
Nimefaulu! Jina nimelisoma mara tisa, herufi kwa herufi. Wakili Palmares amelia. Mpwa wake pia, kwa sababu zake. Mama amepiga magoti sokoni, katikati ya samaki. Meza ni yangu!

Delfin naye kafaulu, kanipita alama. Anasema jasho letu limelipa. Jasho gani? Ni ombi! Kurasa nne! La pili lilikwama kwa kuwa sikuambatisha vielelezo. Januari ofisi itateua mmoja wetu kusimamia kesi za ardhi. Rasimu ya ombi jipya iko tayari, vielelezo saba.

Nawe mtahiniwa ukitaka ombi kama langu, nitafute kwa Aling Pacing, muuza batchoy mkabala na mahakama, saa sita mchana, meza ya nyuma. Usipige simu ofisini. Anapokea Delfin, naye ni mwema kupita kiasi: atakukalisha akufundishe, upoteze muda wako.