Faili ya Kamanthe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kamanthe amepata cheti! Kozi ya kutunza kumbukumbu, wiki mbili, mtandaoni, akisoma kwenye simu huku akichambua maharagwe. Mimi nilisomea kazi hiyohiyo kwa digrii, miaka minne. Nilipohitimu Mama alichinja mbuzi wawili. Padri wa Kangundo alinitaja kwenye misa! Sasa chuo tunachofanyia kazi, mimi na Kamanthe, kinatafuta msimamizi wa masjala. Nafasi ni moja. Bwana Munyao, mkuu wa utawala, amesema siku hizi anaangalia mtu anaweza kufanya nini, si amekaa darasani miaka mingapi. Aliposema miaka, alinitazama. Nikaangusha stepla.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempongeza Kamanthe. Nimetabasamu mpaka taya zikauma. Akanijibu, asante Bwana Digrii, hata wewe jaribu, si ngumu. Si ngumu! Saa ya chakula nikajiandikisha kozi mbili kwa mpigo: uongozi, na ufugaji wa nyuki (ilikuwa ya bure). Ya uongozi ikanitaka nijirekodi nikizungumza bila woga. Nimejitoa. Nyuki nao nawaogopa.

Jumatano, 8 Oktoba
Leo nimewaza kama karani. Masjalani, karatasi isiyo ndani ya faili haijazaliwa. Mahojiano ni kesho. Faili ya Kamanthe ikikosekana, cheti chake hakipo! Saa saba, wenzangu wakila muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikaitoa na kuifukia kwenye rafu ya waliostaafu, kati ya mpishi na mlinzi wa lango. Kazi safi. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 9 Oktoba
Faili imepotea! Bwana Munyao akafoka kwamba tukiendelea hivi chuo chenyewe kitapotea. Mimi nilisikitika kuliko wote. Kamanthe hakulia. Cheti alikuwa nacho kwenye simu, akamwonyesha papo hapo. Kisha akasema kozi ilimfundisha kuwa faili haina miguu, ina mkono ulioigusa mwisho. Akafungua rejista ya kuhamisha faili.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Aiya!

Jana, saa saba na dakika kumi. Imetoka: wafanyakazi. Imekwenda: waliostaafu. Aliyeichukua: Kitheka. Na sahihi yangu, ile ya mkia mrefu. Miaka minne nilifundishwa kutohamisha faili bila kusaini. Nikasaini!

Bwana Munyao akaniuliza, kijana, huyu Kamanthe amestaafu lini? Kamanthe akacheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akaniombea nisifukuzwe. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 27 Oktoba
Kamanthe ndiye msimamizi. Anakalia kiti kinachozunguka, na anakizungusha nikipita. Adhabu yangu ilikuwa kufanya kozi ileile, wiki mbili. Nimepata alama sitini na moja. Yeye alipata tisini na nne, nimeuliza. Mama nimemwambia ni digrii ya pili. Anatafuta mbuzi.

Leo asubuhi Kamanthe ameleta cheti kingine, cha takwimu. Akanikabidhi mwenyewe, akasema, niwekee kwenye faili, ndugu yangu, nakuamini.

Nimekiweka kwenye faili ya mlinzi wa lango.

Lakini somo nimelipata. Safari hii nimesaini kwa penseli.